MKOA UNAPOPIMWA, NANI ANAHESABIWA?

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, juu ya namna maendeleo ya mikoa yalivyopimwa katika nchi zilizoacha Ukomunisti

Tumeombwa tuzungumze juu ya kupima maendeleo. Tunajua neno hili kupima linawachosha wengi. Kila mradi ukija huja na fomu, na kila fomu huuliza yale yale: mna ng'ombe wangapi, nyumba ni ya mabati au ya nyasi, watoto wangapi wako shuleni. Mnajaza, fomu zinakwenda, na habari zake hamzisikii tena.

Leo hatutajaza fomu. Tutauliza swali moja tu. Eneo zima likipimwa, likaambiwa limeendelea au limebaki nyuma, hiyo hesabu imepatikanaje? Nani ameingia ndani yake, na nani ameachwa nje?

Mfano wetu tutauchukua mbali, katika Urusi na nchi za Ulaya ya Mashariki zilizokuwa chini ya Ukomunisti mpaka mwaka 1989 na 1991. Mtauliza, kwa nini twende mbali hivyo? Tuna sababu mbili. Ya kwanza, nchi hizo zilibadilisha namna ya kuhesabu mali yao katika muda mfupi sana, na mtu akibadilisha kibaba ndipo watu huona kumbe kibaba chenyewe kina mambo. Ya pili, kule kipimo kilifuatwa na pesa nyingi. Mkoa ukipata alama fulani, unasaidiwa. Ukizidi alama hiyo kidogo tu, msaada unapungua. Kwa hivyo watu wa kule walijifunza kuuliza maswali juu ya hesabu, na maswali yao yanatufaa.

Zamani walihesabu nini?

Chini ya Ukomunisti, Muungano wa Kisovieti na majirani zake hawakuhesabu pato la taifa kama linavyohesabiwa kwetu. Wao walihesabu mali inayoshikika kwa mkono: makaa ya mawe, chuma, ngano, viatu, matrekta. Kusafirisha mizigo na kuuza bidhaa dukani kulihesabiwa pia, kwa kuwa kunaifikisha mali kwa mtu. Lakini kazi ya mwalimu, ya daktari na ya kinyozi haikuhesabiwa kuwa inaongeza pato la nchi. Shule na hospitali walijenga nyingi, tena nzuri. Ila kitabu chao cha hesabu hakikuwa na ukurasa wa huduma.

Bei nazo hazikutoka sokoni. Zilipangwa ofisini, zikakaa miaka mingi bila kubadilika. Na meneja wa kiwanda alipimwa kwa kutimiza mpango. Mpango ukisema tani, basi yeye anatengeneza vitu vizito. Watu wenyewe walikuwa wakichekeshana juu ya kiwanda cha misumari kilichotengeneza msumari mmoja mkubwa kama gogo, ili kitimize mpango kwa uzito.

Huo ulikuwa mzaha. Lakini jambo la Uzbekistan halikuwa mzaha. Jamhuri hiyo ndiyo iliyokuwa shamba la pamba la Muungano wa Kisovieti. Moscow ilidai pamba zaidi mwaka baada ya mwaka, na wakubwa wa kule wakaanza kuandika pamba ambayo haikuwako. Uchunguzi wa miaka ya 1980 ulifichua kwamba pamba nyingi ilikuwa ya karatasi, na pesa ya kweli ilikuwa imelipwa kwayo. Wakubwa wengi walifungwa. Na huku nyuma maji ya mito Amu Darya na Syr Darya yalikuwa yanavutwa kumwagilia mashamba, mpaka Bahari ya Aral ikaanza kukauka na wavuvi wakabaki na mashua juu ya mchanga. Hasara ya wavuvi hao haikuandikwa mahali popote katika hesabu ya pamba.

Hapo tunaona jambo la kwanza kabisa: kipimo kikifungwa na zawadi au adhabu, watu watakilisha kile kipimo. Si kwa sababu wao ni wabaya kuliko sisi. Hata katika kikundi, mkisema atakayehudhuria mikutano mingi ndiye atakayepewa mkopo kwanza, mtaona watu wamekaa mkutanoni na wanasinzia.

Kiwanda kimefungwa, watu wanakula nini?

Ukuta wa Berlin ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Desemba 1991 Muungano wa Kisovieti ukavunjika. Viwanda vilivyokuwa vinaendeshwa na serikali vikaanza kufungwa au kuuzwa. Bei zikaachiliwa. Urusi peke yake, mwaka 1992, bei zilipanda zaidi ya mara 25 kwa mwaka mmoja. Hebu fikirini: gorogoro ya mahindi unayoinunua Januari kwa shilingi 100, Desemba inakuwa zaidi ya shilingi 2,500. Mtu aliyekuwa ameweka akiba ya uzeeni aliamka akakuta inatosha mkate tu.

Wakati huo huo ofisi za takwimu zikaambiwa ziache hesabu ya zamani na zishike ile ya pato la taifa inayotumiwa na Umoja wa Mataifa. Haya, sasa tazameni shida iliyowapata. Fomu zao zilikuwa zinapelekwa kwa viwanda vikubwa, navyo ndivyo vilivyokuwa vinafungwa. Mama aliyeanza kuuza soksi kando ya kituo cha treni hakuwa na fomu. Fundi wa gari aliyefungua kazi nyuma ya nyumba yake hakuwa na fomu, wala hakuitaka, maana fomu huleta kodi.

Na watu walikula nini? Walilima. Kule Urusi familia nyingi za mjini zilikuwa na kijishamba nje ya mji. Katika miaka ya 1990 vijishamba hivyo na bustani za vijijini ndivyo vilivyotoa zaidi ya asilimia 80 ya viazi vya nchi nzima. Viwanda navyo viliishiwa pesa taslimu, vikawa vinalipana kwa bidhaa. Mwaka 1998 karibu nusu ya mauzo ya viwanda vya Urusi yalifanywa kwa kubadilishana mali kwa mali. Wafanyakazi wengine walilipwa mshahara kwa bidhaa za kiwanda, wakazitandaza kando ya barabara wapate pesa ya unga. Sasa wewe mtu wa takwimu, utaandika bei gani hapo?

Hesabu za serikali zilisema pato la Urusi lilianguka kwa karibu asilimia 40 kati ya mwaka 1990 na 1998. Wataalamu wengine wakasema lilianguka, ndiyo, lakini si kwa kiasi hicho, kwa sababu kazi nyingi imejificha. Wakatafuta njia nyingine ya kupima. Mwaka 1996 Daniel Kaufmann na Aleksander Kaliberda walitumia umeme: kama pato limeshuka sana na umeme unaotumiwa haukushuka sana, basi kuna watu wanafanya kazi ambayo haikuandikwa. Wenzao wakawajibu kwamba mashine kuukuu hula umeme hata kama hazitoi kitu cha maana. Maneno yote mawili yana ukweli. Tunachokiona ni kwamba hata wenye kusoma sana walilazimika kupima kitu kimoja kwa njia mbili tatu, kama vile mama anavyoonja mchuzi na pia kuutazama rangi.

Sasa tuje kwenye mikoa yenyewe. Tumeyapanga mambo katika maswali matano, ili kila katibu aweze kuyaandika.

Swali la kwanza: Mali imetoka wapi, na imekwenda wapi?

Pato la mkoa maana yake ni thamani ya kile kinachozalishwa mle ndani kwa mwaka. Si pesa iliyomo mifukoni mwa watu wa mkoa. Mambo haya mawili huchanganywa kila siku.

Kaskazini-magharibi mwa Bulgaria, kandokando ya mto Danube, kuna mikoa mitatu jirani: Vidin, Montana na Vratsa. Eneo hilo kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa maeneo maskini kabisa katika Umoja wa Ulaya. Pato lake kwa kila mtu limekuwa karibu thuluthi moja ya wastani wa Umoja huo. Lakini ukitazama hesabu ya Vratsa, unaiona imesimama vizuri kuliko wenzake wawili. Kwa nini? Kwa sababu katika mkoa huo uko mtambo wa nyuklia wa Kozloduy, unaotoa umeme kwa nchi nzima. Thamani ya umeme inaandikwa Vratsa. Waliopata kazi mle wanafaidika, lakini mzee wa kijiji cha mbali anayeishi kwa pensheni ndogo anaambiwa mkoa wake una pato zuri, naye anashangaa.

Urusi ina mfano wa upande wa pili. Mafuta na gesi huchimbwa hasa Siberia ya Magharibi, katika eneo la Tyumen. Baada ya mabadiliko, kampuni za mafuta zikawa zinauza mafuta kwa bei ya chini sana kwa kampuni nyingine za biashara, ambazo pia ni zao. Hizo za pili ziliandikishwa Moscow, au katika mikoa iliyopunguza kodi ili kuzivutia, kama Kalmykia, Mordovia na Chukotka. Basi mafuta yanatoka Siberia, na faida inaandikwa kwingine. Benki ya Dunia ilipofanya hesabu hiyo upya mwaka 2004, ilionyesha kwamba sehemu ya mafuta na gesi katika pato la Urusi ni kubwa zaidi ya mara mbili ya ilivyoandikwa na serikali; kiasi kikubwa kilikuwa kimewekwa katika ukurasa wa biashara. Vratsa ilionekana tajiri kwa mali inayopita. Mji wa wachimba mafuta ulionekana na kidogo kuliko unachotoa. Kalamu ni ile ile.

Swali la pili: Imegawanywa kwa vichwa vya nani?

Wakishapata pato la mkoa, huligawanya kwa idadi ya wakaazi, wapate pato kwa kila mtu. Hesabu rahisi, si ndiyo? Lakini ngojeni kidogo.

Bratislava ni mji mkuu wa Slovakia. Katika miaka ya 2010 eneo lake lilihesabiwa kuwa na pato kwa kila mtu lililo zaidi ya mara moja na nusu ya wastani wa Umoja wa Ulaya. Wakati huo huo mashariki mwa Slovakia palikuwa karibu na nusu ya wastani huo. Bratislava kweli pana mali. Lakini kila asubuhi watu wengi sana huingia mjini kutoka mikoa jirani kufanya kazi, na jioni hurudi kwao kulala. Kazi yao inahesabiwa Bratislava. Vichwa vyao vinahesabiwa nyumbani. Ni kama mtu wa Kitengela anayefanya kazi Nairobi: jasho lake linaandikwa Nairobi, tumbo lake linaandikwa Kajiado. Mji unapata alama mbili nzuri kwa wakati mmoja: mali imeongezeka na wa kugawana wamepungua.

Bulgaria inatupa mfano mwingine wa vichwa, na huu unauma. Mwaka 1989 nchi hiyo ilikuwa na watu karibu milioni 9. Sensa ya mwaka 2021 ilikuta watu milioni 6.5. Wengine walikufa bila watoto wa kutosha kuzaliwa, na wengi, hasa vijana, walikwenda kutafuta kazi Ujerumani, Uhispania, Uingereza na kwingineko. Vijiji vya kaskazini-magharibi vimebaki na wazee. Sasa sikilizeni. Vijana wasio na kazi wakiondoka, pato halipungui sana, maana hawakuwa na kazi. Lakini idadi ya vichwa inapungua. Ukigawanya, pato kwa kila mtu linapanda. Karatasi itasema mkoa umesonga mbele, na shule imefungwa kwa kukosa watoto.

Ndiyo maana tunawaambia, mkisomewa kwamba pato kwa kila mtu limepanda, ulizeni kwanza: limepanda la juu au limepungua la chini?

Swali la tatu: Mpaka umepita wapi?

Tuje Poland. Januari 1999 Poland ilipanga upya utawala wake. Mikoa 49 iliunganishwa ikawa 16. Serikali ilikuwa imetaka 12 tu. Watu wa Opole, mkoa mdogo wa kusini, waliposikia kwamba wao watamezwa na jirani mkubwa, walikataa. Mwaka 1998 walijipanga barabarani wakashikana mikono, mlolongo mrefu wa watu, na mwishowe mkoa wao ukabaki. Walijua kwamba ukiwa pembezoni mwa mkoa wa mwingine, barabara yako huwa ya mwisho.

Mkoa wa Mazowieckie, ulio na mji mkuu Warsaw, unaonyesha kwamba hofu yao ilikuwa na msingi. Katika Umoja wa Ulaya kuna sharti: eneo lenye pato kwa kila mtu lililo chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja ndilo linalopata msaada mkubwa zaidi wa maendeleo. Maeneo yanayopimwa hivyo kwa kawaida huwa na watu kati ya 800,000 na milioni 3, ingawa mengine huzidi. Mazowieckie yote kwa pamoja, kwa nguvu ya Warsaw, ilipita alama hiyo na kufika juu ya wastani wa Ulaya. Basi mkoa ukahesabiwa miongoni mwa walioendelea. Lakini ndani ya mkoa huo huo, upande wa kusini karibu na mji wa Radom, kuna wilaya ya Szydłowiec, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa na ukosefu wa kazi mkubwa kuliko wilaya nyingine yoyote ya Poland. Wilaya ya mwisho ndani ya mkoa wa kwanza! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hapa waliandikwa katika mstari mmoja.

Ikachukua miaka ya kujadiliana. Tangu mwaka 2018, kwa ajili ya takwimu, Mazowieckie imegawanywa mara mbili: Warsaw na vitongoji vyake upande mmoja, mkoa uliobaki upande wa pili. Mara tu baada ya kuchora mstari huo, ikaonekana wazi kwamba nje ya Warsaw pato liko chini sana ya asilimia 75. Hungaria ilifanya vivyo hivyo wakati huo huo, ikatenganisha mji wa Budapest na mkoa wa Pest unaouzunguka. Lithuania nayo ikatenganisha eneo la mji mkuu na nchi iliyobaki. Hakuna mkulima aliyekuwa maskini zaidi siku ile mstari ulipochorwa. Umaskini ulikuwako siku zote. Ulikuwa umefunikwa na blanketi la jirani.

Jambo hili mnalijua kwa hesabu ndogo. Chukueni watu kumi. Mmoja ana shilingi 91,000, tisa wana shilingi 1,000 kila mmoja. Jumla ni 100,000. Wastani ni 10,000 kwa kila mtu. Tafuteni mtu mwenye elfu kumi hapo. Hayuko.

Swali la nne: Tunalinganishwa na nani, na kwa bei gani?

Mei 2004 Umoja wa Ulaya ulipokea nchi kumi mpya, na nane kati yao zilikuwa zimetoka katika Ukomunisti. Nyingi zilikuwa maskini kuliko wanachama wa zamani, kwa hivyo wastani wa Umoja mzima ukashuka. Sasa kulikuwa na maeneo katika Ujerumani ya Mashariki, kama Halle na Leipzig, yaliyokuwa chini ya asilimia 75 ya wastani wa zamani. Wastani uliposhuka, yakajikuta juu ya mstari. Hawakuwa wameongeza kiwanda wala ajira usiku ule. Walipanda kwa sababu aliyesimama karibu nao ni mfupi. Umoja wenyewe uliona tatizo hilo, ukayapa maeneo ya namna hiyo msaada wa muda, wa kupungua kidogo kidogo, katika miaka ya 2007 hadi 2013.

Halafu kuna bei. Ukilinganisha mtu wa Poland na mtu wa Ujerumani kwa pesa tupu, utakosea, maana kinyozi wa Poland ni wa bei nafuu. Kwa hivyo watakwimu hurekebisha kwa bei: wanauliza pesa hii inanunua nini pale ilipo. Hilo ni jambo jema. Lakini wao hutumia kiwango kimoja cha bei kwa nchi nzima. Kodi ya nyumba ya Bratislava na kodi ya nyumba ya kijiji cha mashariki mwa Slovakia huchukuliwa kana kwamba ni sawa. Wa mjini anaonekana tajiri kuliko alivyo, na wa kijijini maskini kidogo kuliko alivyo. Yeyote kati yetu aliyewahi kununua sukuma wiki Nairobi na akainunua nyumbani anaelewa jambo hili bila kusoma kitabu.

Swali la tano: Watu wenyewe wanaishi?

Swali hili ni la mwisho lakini ndilo kubwa. Urusi, mwaka 1990, mtoto wa kiume alitazamiwa kuishi miaka karibu 64. Kufikia mwaka 1994, katika miaka minne tu, matumaini hayo yalikuwa yameshuka chini ya miaka 58. Hapakuwa na vita vya nchi nzima wala njaa kubwa. Kulikuwa na pombe, magonjwa ya moyo, ajali, kujiua, hospitali zisizo na dawa na wanaume waliopoteza kazi pamoja na heshima yao. Mtu akibishana juu ya asilimia ngapi ya pato imejificha sokoni, makaburi hayajifichi.

Mwaka 1990 shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa lilianza kutoa kipimo kingine, kinachoweka pamoja mambo matatu: watu wanaishi miaka mingapi, wamesoma kiasi gani, na wana kipato gani. Nacho hakikosi kasoro. Lakini kinamlazimisha mkubwa aeleze habari za uhai na shule katika sentensi moja na habari za pesa, asije akasema la pesa peke yake na kukaa chini.

Sasa sisi tufanye nini?

Tusitoke hapa tukisema takwimu ni uongo. La, hasha. Szydłowiec haikuokolewa kwa kutupa takwimu. Ilisaidiwa na takwimu ya ukosefu wa kazi ya wilaya, iliyoonyesha kile ambacho takwimu ya mkoa ilikificha. Asiye na hesabu hana la kujibu.

Kwetu Kenya jambo hili limeshafika mlangoni. Tangu mwaka 2013 tuna kaunti 47, na mwaka 2019 ofisi yetu ya takwimu ya taifa ilitoa kwa mara ya kwanza pato la kila kaunti, kuanzia mwaka 2013 hadi 2017. Nairobi peke yake ilikuwa na karibu asilimia 22 ya pato lote la nchi. Yale maswali ya Bratislava na Vratsa yanaweza kuulizwa hapa neno kwa neno. Kaunti yenye bwawa la umeme, je, umeme unawasha taa ya nani? Kaunti yenye mji mkubwa upande mmoja na nyika upande wa pili, wastani wake ni wa nani?

Kwa hivyo tunawaomba kila kikundi kifanye mambo matatu kabla hatujakutana tena.

La kwanza, katibu ayaandike yale maswali matano katika daftari: Mali imetoka wapi na imekwenda wapi? Imegawanywa kwa vichwa vya nani? Mpaka umepita wapi? Tunalinganishwa na nani na kwa bei gani? Watu wenyewe wanaishi? Siku mtakapoitwa kwenye kikao cha bajeti ya kaunti, au chifu akisoma hesabu barazani, mtu mmoja asimame kwa adabu aulize angalau moja.

La pili, mtengeneze hesabu yenu wenyewe ya kijiji, ndogo, isiyohitaji fundi. Nyumba ngapi? Katika nyumba hizo, vijana wangapi wameondoka kutafuta kazi tangu mwaka jana, na wangapi wamerudi? Mama mjamzito anatembea saa ngapi kufika zahanati? Miezi mingapi kabla ya mavuno ghala huwa tupu? Wale wanaolima, kufuga na kuuza bila karatasi, waandikeni. Msiandike wastani peke yake. Andikeni pia nyumba ya chini kabisa iko namna gani, maana hiyo ndiyo itakayoachwa nje na hesabu ya watu wengine.

La tatu, msifunge hesabu hiyo na zawadi. Asiahidiwe mtu mbuzi kwa kuwa na ghala tupu, wala asiaibishwe. Mkifanya hivyo, mwakani mtakuwa na pamba ya karatasi.

Daftari hilo mlete nalo mkutano ujao. Tutaliweka kando ya takwimu za kaunti, tutazame pamoja zinapopatana na zinapoachana. Pale zinapoachana ndipo tutakapokuwa na la kuwaambia wanaogawa pesa.

Mwenye swali na ainue mkono, na akina mama walioko nyuma waanze.